Sehemu ya Klarineti

Bendi ilipofika pale huzuni ya muziki inapoanza kulegea, kukawa na pengo. Kiongozi akashusha fimbo.

"Mwalimu, hapa klarineti umemwandikia nani?"

Mwalimu, aliyeutunga muziki huo, akageuka kumtazama baba yake kwenye viti vya nyuma. Tangu wamzike mama, mzee hakuwahi kupuliza klarineti yake. Leo alisema amekuja kusikiliza tu.

"Nimemwandikia baba."

Mzee akavuta mkoba alioficha chini ya kiti, akatoa kijiti chembamba cha kupulizia, akakilowesha kwa ulimi taratibu, kama anayeonja chai ya moto.

"Haya, rudieni muziki kutoka nyuma kidogo," akasema. "Ila msinikimbize, wanangu. Pumzi yangu imelala siku nyingi."