Mkwaruzo wa Jumapili

Kwaya ilipopandisha sauti, Kayondo alikandamiza msumari kwenye tangi la pikipiki nyekundu, akauvuta mara moja tu, toka kwenye kifuniko mpaka karibu na kiti. Rangi ilijikunja kama ganda la kitunguu. Akautia msumari mfukoni, akaingia kanisani kwa mlango wa pembeni na kupiga magoti. Hakusali. Angeanzia wapi?

Pikipiki ilikuwa ya Ssebunya, daktari wa mifugo aliyestaafu na kufiwa na mkewe. Mtaa mzima wa Nyendo ulijua alivyoipenda. Aliipangusa kwa leso kabla ya kuipanda, na kila Jumapili aliiegesha palepale, nyuma ya kanisa, pasipo na jicho la mtu.

Kayondo alikuwa fundi wa rangi. Zamani waendesha bodaboda walipanga foleni kibandani kwake, huyu na tangi lililobabuka, yule na madigadi iliyochubuka. Kisha zikaja stika. Siku hizi mtu akianguka hubandika picha ya simba juu ya kovu, safari ikaendelea. Kibanda kikabaki na kuku. Mara ya kwanza alipoishika pikipiki ya daktari kwa msumari, alijiambia ni njaa. Mara zilizofuata hakujiambia kitu.

Jumatatu asubuhi daktari alifika, tangi limefunikwa taulo kama mtoto mgonjwa.

"Wameniumiza tena, mwanangu."

"Pole, mzee. Dunia imeharibika."

Mama yake, ambaye alipika upande wa pili wa ukuta wa mabati, alikuja kupiga magoti na kumsalimu mgeni, akamwekea sahani ya katogo la ndizi na matumbo, linalofuka moshi. Alivaa gomesi yake ya kwendea harusini. Kayondo alidhani ana safari ya mjini.

Akaanza kazi. Alisugua kovu kwa msasa na maji mpaka kingo zikapotea chini ya kidole, akajaza puti, akasugua tena, akapuliza rangi ya chini. Wekundu ule ulikuwa mtihani. Tone la rangi nyeusi likizidi, unapata ini. La njano likizidi, unapata nyanya. Alichanganya, akajaribu kwenye kopo, akamwaga, akachanganya upya. Hakuwahi kumfanyia mteja mwingine kazi namna ile. Ndiyo toba pekee aliyoiweza, na kila alipoimaliza aliona haikutosha.

"Una mkono wa baraka," daktari alisema.

"Usiseme hivyo, mzee."

"Kwa nini nisiseme? Chukua muda wako. Mimi sina haraka."

Kweli hakuwa na haraka. Sahani ilikuwa imekwisha, naye akaomba kuongezewa.

Kayondo alikuwa ameshika bunduki ya rangi apulize tabaka la mwisho, bodaboda mmoja aitwaye Kiwala akapunguza mwendo barabarani na kupaza sauti. "We Kayondo! Umesikia? Mutyaba kafukuzwa!"

"Mutyaba yupi?"

"Kuna Mutyaba wangapi? Mlinzi wa kanisa! Wazee wa parokia wanasema halindi, analala. Wengine wanasema anayekwaruza pikipiki ya daktari ni yeye mwenyewe. Nimemwacha pale langoni anafunga kijifurushi chake, analia kama mtoto." Akatia gia, akaondoka.

Daktari alisimamisha tonge hewani. Kule jikoni mwiko ukanyamaza.

Mutyaba ndiye aliyechimba kaburi la baba yake Kayondo, mvua ikimnyeshea, akakataa hata soda. Kayondo alimwona akilini pale langoni na furushi lake, akasahau kidole kwenye kifyatulio cha bunduki ya rangi. Tone zito jekundu likadondoka katikati ya tangi na kuharibu kazi yote. Hakulifuta. Aliiweka bunduki chini, akapiga magoti kwenye vumbi la msasa.

"Daktari, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ninayekukwaruzia. Mara zote. Nakuharibia Jumapili, nakutengenezea Jumatatu, kisha unanisifu na mimi naitikia. Niitie polisi. Niitie wanaume wa mtaa wanipige. Ila Mutyaba arudishwe kazini, hana kosa."

Daktari aliiweka sahani chini taratibu. Kayondo alisubiri kofi. Alilitaka.

"Inuka," daktari alisema. "Nakuona tangu siku ile ya kwanza. Nilikuwa nimetoka kanisani kuchukua miwani."

Kayondo aliinua uso. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukajua, na bado kila Jumapili ukaiegesha palepale?"

Mzee yule, ambaye maishani mwake aliwahi kuwaangusha mafahali kwa mikono mitupu, alishindwa kumtazama machoni. Alihangaika na leso yake. Akaikunja, akaikunjua.

"Tutakwenda wote kwa padri," alisema hatimaye. "Sasa hivi, Mutyaba asivuke lango. Wewe useme lako na mimi niseme langu. Kosa langu ni kubwa kuliko lako, mwanangu. Wewe ulikuwa na njaa."

"Wewe una kosa gani, mzee?"

Daktari aligeukia ukuta wa mabati, akaita kwa upole jina ambalo Kayondo hakuwahi kumsikia mtu akilitaja tangu baba yake afariki.

"Edisa, toka huko jikoni. Mtoto ameshaungama lake. Limebaki letu."