Blanketi Fupi

Siwema alikuwa hoi kwa kuandikiana na soko moja la mtandaoni. Aliagiza blanketi la mtu mzima, muuzaji akamletea la mtoto. Alilalamika, akatuma picha, akaambiwa asubiri, akasubiri mpaka akasahau. Leo ujumbe ukaingia: "Lalamiko lako limekubaliwa. Kata blanketi vipande viwili ili lisiuzwe tena, tuma picha, urudishiwe pesa."

Akachukua mkasi, akaingia chumbani. Mama yake alikuwa amejikunyata ndani ya blanketi lile lile, miguu nje.

"Wamekubali, mama. Ila wanataka tulikate."

Mama akautazama mkasi. "Na jingine litafika lini, mwanangu?"

Siwema aliketi kitandani, akaipakata ile miguu ya baridi, mkasi ukiwa bado wazi mkononi.