Kidole Kinachokwenda Kinyume

Bi Zuwena alikiona kidole, akaacha kuandika.

Mtoto alikuwa akisoma Kiarabu mbio kama bomba lililoachwa wazi, lakini kidole chake kilitoka kushoto kwenda kulia, kama anayesoma Kiingereza.

Bi Zuwena akaufunika ukurasa kwa kiganja. Mtoto akaendelea kusoma, hata pumzi hakuvuta.

"Usimkatishe, bibi," alisema mwalimu, Mzanzibari mwenzake, jasho likimtoka na baridi yote ile ya Edmonton, Kanada.

"Nimkatishe vipi, mwanangu, na mwenyewe hakatiki?"

Wafadhili walikuwa wamemtuma apime kama watoto wa darasa hili la Jumamosi wanasoma kweli au wamekaririshwa tu. Angeandika kwamba hawasomi, darasa lingefungwa wiki ijayo. Kalamu ikarudi kwenye karatasi.

"Hicho kitabu cha wageni," alisema mtoto alipomaliza, kwa Kiswahili cha nyanya yake. "Tunakisoma watu wakija. Kama vikombe vya kabatini. Changu hiki hapa."

Akachomoa ndani ya koti kitabu cha hadithi cha Kiarabu kilichochakaa, pembe zake zimetafunwa. Mwalimu akakitumbulia macho. Hakuwahi kukiona.

Mtoto akaanza. Akakwama neno la pili, akarudia, akakwama tena. Kisha macho yakatambaa taratibu kwenye mstari uliofuata, kutoka kulia kwenda kushoto, na kabla hajatamka lolote akaangua kicheko peke yake.

Bi Zuwena akasogeza kiti.

"Kuna nini hapo? Hebu nisomee na mimi."