Mazishi ya Baba, Saa Saba Mchana

Nilimzika baba yangu Jumapili saa saba mchana, kwa heshima zote, kwenye kaunta ya mgahawa wa Bi Tazuko. Alikuwa hai, huko Nagoya. Alikuwa ameahidi tule soba, tambi zetu za Kijapani, pamoja siku hiyo moja ya wiki ambayo bweni hutufungulia geti.

Nilikuwa nimeagiza sahani mbili za soba baridi, kila moja na kikombe chake cha mchuzi wa kuchovyea, na bakuli la wali kwa ajili yake, kwa kuwa hashibi bila wali. Tambi zangu nilizivuta kwa kelele, kama adabu inavyotaka. Zake zilikuwa zimekauka na kushikana.

Basi nikachukua vijiti vyake, nikavisimika wima katikati ya wali, kama tunavyowafanyia marehemu. Nikainamisha kichwa. Mzee aliyekaa mwisho wa kaunta akaacha kutafuna.

Bi Tazuko alivichomoa, akavifuta, akavilaza.

"Wewe, huyo amekufa?"

"Bado, mama. Ana kikao."

"Basi usiniletee mkosi hapa. Michezo hiyo kafanyie shuleni kwenu."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Aliingia jikoni, akarudi na birika la maji ya moto yaliyochemshiwa tambi, yale tunayoongeza kwenye mchuzi uliobaki tukishamaliza kula. Alinimiminia. Kisha akakitazama kikombe cha baba, kilichojaa mchuzi mpaka juu.

"Hiki nikiondoe, mwanangu?" aliuliza, kwa sauti ya chini sasa.

Nilikifunika kwa kiganja.

"Bado hajala," nilisema.