Ndoo ya Maji Vuguvugu

Tangu boti yao itoke bandari ya Hatteras asubuhi ile ya Machi, nahodha alikuwa akichota maji ya bahari kwa ndoo, anatumbukiza mkono, anamwaga. Baridi.

"Kwani huna kipimajoto?" aliuliza Tolliver, mteja aliyeingoja safari hii ya uvuvi tangu Krismasi.

"Ninacho. Kinadanganya kuliko mume wangu wa kwanza. Samaki jodari hukaa kwenye maji vuguvugu. Tutayatafuta, ila upepo ukigeuka kuwa wa kaskazini, tunarudi."

Ndoo ya tisa ilipanda ikifuka mvuke kwenye hewa ya baridi. Tolliver alichovya vidole. Kama maji ya kuogeshea mtoto! Akacheka peke yake.

Nahodha alikuwa akitazama bendera ya boti. Ilikuwa imegeuka; upepo sasa ulitoka kaskazini.

"Kinga mikono," alimwambia.

Akammwagia maji yote, polepole, kisha akashika usukani kurudi Hatteras.