Neno Lisiloitikiwa

Kifaa cha tathmini hubandikwa ukutani siku thelathini, kikimsikiliza mtoto. Asipozungumza, anapewa cheti pamoja na mwalimu maalumu wa kuja nyumbani. Akitamka hata neno moja, faili linafungwa. Ila neno huhesabiwa likiitikiwa tu. Walioandika kanuni hiyo sijui kama wana watoto.

Siku ya ishirini na tisa nilikuwa nachambua mchele. Mwanangu Salha, miaka mitano, ambaye hakuwa amewahi kusema kitu tangu azaliwe, akasimama mbele yangu.

"Mama."

Abee ilinifika ulimini, nikaimeza. Bila mwalimu, nikajiambia, ataishia na neno hilo hilo moja.

"Mama," akarudia, akinivuta kanga. "Mama."

Niliendelea kutoa chuya mpaka akaniachia.

Cheti kilitoka. Jumatatu akaja mwalimu Tunu, mpole, mvumilivu, kama nilivyomwomba Mungu. Akamkalisha Salha mkekani, akaninyooshea kidole.

"Tuanze na jepesi. Yule nani? Sema: mama."

Salha alinitazama kwa muda mrefu, kisha akanigeuzia mgongo.

"Atasema tu," mwalimu akanifariji.

"Abee," nikaitika, ingawa hakuna aliyeniita.