Chuo Kimemaliza

Kitasa cha mlango kililia gizani, umeme ukiwa umekatika. Nilikuwa nimekaa kitandani na mwanangu, mtihani wa jioni nimeshauaga. Wanafunzi wa chuo cha Wakatoliki, waliokuwa wakitulelea watoto sisi akina mama tukiwa kwenye masomo ya jioni, walimaliza zamu yao ya huduma wiki iliyopita.

Akaingia mmoja wao, tochi ya simu mkononi, anahema.

"Dada, siku hizi mtihani unaletwa nyumbani?"

"Si mmemaliza nyie?"

"Chuo kimemaliza. Mimi bado."

Mtoto wa watu, na likizo imeshaanza! Akaketi sakafuni, akaikunjakunja kanga yangu mpaka ikawa mwanasesere.

Vidole vya mwanangu, vinavyong'ang'ania sketi yangu kila ninapoondoka, vikaachia kimoja kimoja.

"Mama, utachelewa."